Bede Lubumbashi: Nunua Hadithi Nzima, Acha Juzuu la Katikati

Kwenye meza za vitabu vya mitumba katikati ya mji wa Lubumbashi, bede, yaani vitabu vya hadithi za picha, hazikosekani. Zimelala kati ya vitabu vya hesabu vya sekondari na Biblia zilizopoteza jalada, na ile yenye rangi kali kuliko zote huwekwa mbele kabisa ili ivute macho. Kwa hiyo asilalamike mtu kwamba hakuna cha kununua. Kinachosumbua ni kwamba nyingi ni juzuu la tatu la hadithi yenye matano, au la pili la hadithi yenye saba, na wenzake hawajafika Katanga wala hakuna dalili kwamba wako njiani. Mpenzi wa bede mwenye mfuko wa kawaida anarudi nyumbani na watu asiowajua, wakigombania jambo lililoanza kitabu kingine, na wanaachana kabla halijaisha. Mtu huyo angefanya vizuri kuacha vipande kabisa. Anunue hadithi inayoanza na kuisha ndani ya jalada moja, na pesa isitoke mfukoni kabla hajakikagua kitabu kama fundi anavyokagua injini ya mtumba.

Soko la Ulaya limejengwa juu ya mfululizo. Albamu ya kawaida ya Ubelgiji au Ufaransa ina jalada gumu, upana wa sentimita 22 hivi na urefu wa 30 hivi, na kurasa 48, ambazo 44 au 46 ndizo zenye hadithi. Msomaji wa Bruxelles akimaliza ya kwanza, mwakani anaingia dukani kuchukua ya pili. Huku kwetu vitabu vinakuja kwa mlango mwingine: ndani ya valizi ya ndugu anayekuja likizo, ndani ya kontena pamoja na viatu na sufuria, au kutoka nyumba ya mgeni aliyemaliza mkataba na kuuza kila kitu. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejali kama namba 4 imeachana na namba 5.

Piga hesabu, bei zikiwa za mfano tu. Albamu ya kurasa 46 kwa dola 5 inakugharimu senti 11 kwa kila ukurasa. Hadithi ya juzuu saba kwa bei hiyo hiyo ni dola 35, ukizipata zote, na hutazipata. Albamu nene ya kurasa 120 kwa dola 12 inatisha ukisikia bei, lakini ukurasa wake ni senti 10 na mwisho wake unao mkononi. Muuzaji hapangi bei hivyo. Yeye anaangalia jalada gumu na unene, ndiyo maana kitabu chembamba chenye jalada jipya mara nyingi huwa ghali kuliko kinene kilichochubuka kona.

Kuna mifululizo isiyoingia kwenye katazo hili. Astérix kila albamu ni kisa kamili. Lucky Luke vilevile. Vitabu vya vichekesho vya ukurasa mmoja mmoja havina juzuu la katikati hata kidogo. Hizo chukua namba yoyote. Kwa mfululizo mwingine fungua ukurasa wa mwisho kwanza: ukimkuta mtu ananing'inia kwenye ukingo wa jabali, au chini ya fremu ya mwisho pameandikwa kwamba ndio mwisho wa sehemu ya kwanza, rudisha mezani.

Baada ya mwisho, tazama mwili wa kitabu. Kurasa 48 si namba ya bahati. Karatasi kubwa ya mtambo wa uchapaji ikikunjwa hutoa kurasa 16, na vikunjo vitatu vikiunganishwa vinaleta 48. Kwa hiyo makosa makubwa ya albamu huja kwa kumi na sita: kikunjo kizima kimekosekana, au kikunjo kimoja kimefungwa mara mbili na kingine kuachwa. Wengi hupekua kurasa za mwanzo na za mwisho wakaridhika. Mahali pa kutazama ni mpaka wa ukurasa wa 16 na wa 17, kisha wa 32 na wa 33. Soma viputo viwili vya maneno vya mwisho upande huu na viwili vya kwanza upande wa pili. Jibu lisipofuata swali, kuna kitu.

Njia ya pili ni namba ya mchoraji mwenyewe. Katika albamu nyingi za Kibelgiji, pembeni mwa fremu ya mwisho ya kila ukurasa pameandikwa kwa mkono namba ya mchoro. Zile za zamani, zilizotoka kwanza katika magazeti ya watoto, zina namba kama 12A na 12B, kwa kuwa kila nusu ya ukurasa ilihesabiwa peke yake. Namba hiyo na ile ya ukurasa hutofautiana kwa kiasi kile kile toka mwanzo hadi mwisho. Kama mchoro wa 1 uko ukurasa wa 3, mchoro wa 30 lazima uwe ukurasa wa 32. Ukihesabu kurasa kwa kidole ukaukuta kwenye wa 30, mtu amechana karatasi moja, pengine mtoto aliyetaka kubandika picha ukutani, na namba za kurasa zenyewe zitakuonyesha ni ipi.

Mgongo nao una siri yake. Utazame kwa juu, kitabu kikiwa kimefungwa. Kilichoshonwa kwa uzi kinaonyesha vikunjo vidogo vilivyopinda, vimebanana. Kilichobandikwa kwa gundi kinaonyesha kurasa zilizokatwa sawasawa kama daftari la risiti. Gundi ya zamani haipendi kiangazi chetu. Kuanzia Mei mpaka Septemba hewa ya Lubumbashi inakauka kabisa, gundi inakuwa kama ganda, na mtu akikifungua kitabu kwa nguvu katikati inapasuka. Fungua polepole, sikiliza. Mlio mdogo wa kukatika maana yake kurasa za katikati zitaanza kutoka mmoja mmoja. Hilo halikuzuii kununua, linakupa sababu ya kupunguza bei.

Ukungu ni jambo jingine, na hapo usipatane na mtu. Madoa ya kahawia yaliyosambaa kama vidonda vidogo ni alama za karatasi kuzeeka. Yanachukiza lakini hayaambukizi. Unga wa kijivu au wa kijani unaohama ukiupitishia kidole ni ukungu hai, na ukiuingiza ndani ya sanduku lako kipindi cha mvua, kuanzia Novemba, utaamkia kwenye vitabu vyote. Nusa kitabu karibu na mgongo. Harufu ya chumba kilichofungwa ikiwa kali, kiache hata kwa bure.

Rangi hukaguliwa kwenye nyuso. Picha ya rangi imechapwa kwa wino nne zinazopandana, na moja ikisogea hata nusu milimita, mstari mweusi wa pua au mdomo unavaa kivuli chekundu au cha buluu. Kwenye mandhari ya milima huoni kitu. Kwenye uso wa mtu aliyechorwa mdogo, jicho linatoka mahali pake na hadithi inapoteza nusu ya maana, kwa sababu bede huongea kwa nyuso.

Halafu kuna suala la "zamani". "Papa, hii ni ya kizamani, haipatikane tena," muuzaji atakwambia, na bei inapanda papo hapo. Huenda ni kweli, na kitabu chenyewe kitakujibu. Albamu za Kibelgiji tangu 1966 zina namba ya depo legali, yaani ya kusajili kitabu kwa sheria, inayoanza na herufi D, kisha mwaka, kisha namba ya mchapishaji, kisha namba ya kitabu. Dupuis ni 0089, Lombard ni 0086, Casterman ni 0053. Lakini mwaka huo unaweza kuwa wa toleo la kwanza, ukabakizwa katika kila uchapaji uliofuata. Geuza jalada la nyuma usome orodha ya vitabu vingine vya mfululizo. Kama D inasema 1972 na orodha ina kitabu kilichotoka 1985, unachoshika kilichapwa baada ya 1985, basi. Kwa msomaji hilo halina ubaya. Uchapaji wa baadaye mara nyingi una karatasi nyeupe zaidi. Ubaya ni kulipa bei ya mkusanyaji kwa kitabu cha msomaji.

Anayeongoza kwa kuuzwa kwa hila hii ni Tintin wa Kongo. Hadithi ilianza gazetini 1930, ikawa albamu nyeusi na nyeupe 1931, kisha mchoraji wake Hergé akaichora upya kwa rangi 1946 katika kurasa 62. Ndani ya toleo la kwanza Tintin anawafundisha watoto darasani kuhusu nchi yao Ubelgiji. Katika lile la rangi somo limegeuzwa hesabu. Kwa hiyo ukurasa mmoja wa darasa unatosha kujua unauziwa nini, na hata ukiikuta ile nyeusi na nyeupe kumbuka kwamba imeshachapwa upya mara nyingi kwa sura ile ile ya zamani. Kama bede, ni kazi ya kijana aliyekuwa bado anajifunza: visa vimeungwa kimoja baada ya kingine, mnyama baada ya mnyama, bila uzi wa kuvishika. Azima, soma, rudisha.

Sasa kusoma kwenyewe. Kama ni moja tu mwaka huu, iwe Madame Livingstone, iliyotolewa na Glénat 2014, mchoraji Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, akishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie kwenye hadithi. Ina zaidi ya kurasa 100, na imefungwa: huhitaji kujua chochote kabla wala kusubiri chochote baada. Rubani Mbelgiji, Gaston Mercier, anafika ziwa Tanganyika 1915 akiwa na kazi ya kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anapewa kiongozi wa njia, chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na anayesemekana ni mwana wa yule Livingstone. Watu wamempachika jina la kejeli, ndilo lililo kwenye jalada.

Nguvu ya albamu iko kwa huyo mtu wa sketi. Baruti anamchora akiwa amesimama wima kila anapodharauliwa, na ukifunika maneno kwa karatasi ukafuata mwili wake tu, unaelewa nani ana heshima na nani ana cheo. Fanya hivyo kweli, mara ya pili ya kusoma: kata karatasi, funika viputo, soma miili. Albamu dhaifu hufa kwa mtihani huo baada ya kurasa tatu. Hii inashikilia. Rangi zake za brashi zinaacha hewa kati ya mtu na mlima, na ziwa linabaki ziwa, si ukuta wa buluu nyuma ya wahusika.

Udhaifu nao upo. Kuna mahali wahusika wanaelezana historia ambayo wote wawili wanaijua, kwa faida ya msomaji wa Paris, na viputo vinavimba mpaka nyuso zinabanwa kwenye kona. Msomaji wa Katanga anaweza kuziruka sehemu hizo bila hasara, mradi awe na ramani pembeni. Maana vita hivyo vilipita mlangoni kwetu. Boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipakiwa kwenye treni Cape Town zikapita Élisabethville, yaani Lubumbashi hii hii, Julai 1915. Zikateremshwa Fungurume, zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba mpaka Sankisia, reli tena hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, na reli ya mwisho mpaka ziwani, pale panapoitwa Kalemie leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na 9 Februari 1916 Mimi na hiyo Kingani, iliyobatizwa Fifi, zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe, iliyoletwa kutoka Papenburg ikiwa vipande ndani ya masanduku na kuungwa upya Kigoma, ilishambuliwa na ndege za Wabelgiji zilizotua majini, lakini mwishowe ni Wajerumani wenyewe walioizamisha, 26 Julai 1916, baada ya kupaka injini grisi. Iliibuliwa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ukijua hayo, kila fremu ya ziwa ndani ya albamu inakuwa nzito zaidi, na unaona waziwazi wapi waandishi wamefuata kumbukumbu na wapi wamejipa uhuru.

Ya pili ya Baruti inayojitosheleza ni Chaos debout à Kinshasa, 2016, hadithi ya Thierry Bellefroid. Mmarekani mweusi wa Harlem anashinda safari ya kwenda kuona pambano la Ali na Foreman, lile la 30 Oktoba 1974. Hapa mambo yamegeuka: mji umechorwa vizuri kuliko hadithi ilivyosukwa. Nguo, magari, vibao vya baa, umati, vyote vinaishi. Njama za kisiasa zinakuja haraka na kuondoka haraka. Inunue kwa ajili ya Kinshasa ya Mobutu, na ukishamaliza irudie ukitazama watu wa nyuma tu, wale wasio na kiputo.

Lakini jina la Baruti kwenye jalada lisikupofushe. Eva K. na Mandrill, alizochora kwa hadithi za Frank Giroud, ni mifululizo: ya kwanza juzuu tatu, ya pili saba. Juzuu la nne la Mandrill peke yake, hata kwa dola 2, ni pesa ya kutupa isipokuwa unajifunza kuchora. Kwa mwanafunzi wa uchoraji, hapo sawa, litakufundisha mengi kuhusu mwanga.

Pat Masioni, mchoraji Mkongo mwingine, anahitaji uangalifu wa aina nyingine. Rwanda 1994 ilitoka kwa sehemu mbili, 2005 na 2008. Usinunue ya kwanza ukiwa hujaiona ya pili, kwa sababu ni kitabu kizito na kukiachia njiani kunaumiza zaidi kuliko kutokisoma. Kazi yake ya Marekani, Unknown Soldier, iliyoandikwa na Joshua Dysart na kuwekwa Uganda ya kaskazini, mara nyingi inatajwa kana kwamba aliichora yote. Mchoraji mkuu ni Alberto Ponticelli. Masioni alichora toleo la 13 na la 14, na katika vitabu vilivyokusanya matoleo hayo yamo juzuu la pili. Anayetafuta mkono wa Masioni achukue hilo, asidanganyike na la kwanza. Na ukiyakuta matoleo yenyewe, yale membamba ya kurasa 32, jua kwamba hadithi ni kurasa 22 hivi, zilizobaki ni matangazo. Angalia pini mbili za katikati: zikiwa na kutu, karatasi inaliwa mahali pale pale, na kurasa nne za katikati hutoka kwanza.

Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie inaonyesha jinsi ya kuupiga chenga mfululizo. Juzuu sita za kwanza zimekusanywa katika vitabu viwili vinene, na hivyo ndivyo vya kutafuta. Abidjan ya mwishoni mwa miaka ya sabini, wasichana watatu, baba wakwe, bia. Mama wa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, atawatambua wote bila kuelezwa.

Manga, bede za Kijapani, nitaipitia haraka. Vijana wa mji wanaisoma kwenye simu, na hapo hakuna cha kukagua isipokuwa ukubwa wa picha: chini ya pikseli 1,200 za upana maneno madogo yanakuwa ukungu, na ukilazimika kukuza kila fremu unapoteza mpangilio wa ukurasa ambao mchoraji aliutaabikia. Vitabu vya karatasi vinavyouzwa kwa bei ya chini ya kushangaza mara nyingi ni nakala. Vinajitambulisha kwenye vivuli vya kijivu. Kivuli cha manga ni nukta ndogo zilizopangwa, na zikipigwa picha na kuchapwa tena nukta zinagongana, yanatokea mawimbi kwenye nywele na nguo. Ukiona mawimbi, ni nakala ya nakala. Na One Piece imepita juzuu 100. Hapo hata mimi mtetezi wa karatasi nakuachia simu yako.

Kuhusu kuhifadhi, ya kwetu ni mchwa kuliko kingine chochote. Nchi yenye vichuguu virefu kuliko nyumba haiwekewi sanduku la vitabu sakafuni. Rafu iwe sentimita 15 juu, isiguse ukuta, na miguu yake ionekane ili njia ya udongo ikianza kupanda uione siku hiyo hiyo. Ukurasa uliochanika usiuguse kwa skochi: gundi yake inageuka njano na kupenya mpaka upande wa pili. Pika kijiko kimoja cha wanga wa muhogo kwa vijiko vitano vya maji mpaka ung'ae, upoe, paka kidogo sana kwenye ukanda wa karatasi nyembamba ngumu, bandika, weka chini ya uzito usiku kucha kati ya karatasi mbili zilizopakwa nta ili zisigandane. Ukipaka nyingi ukurasa utajikunja kama jani, na hapo hakuna kurudi.

Kinachokosekana kabisa kwenye meza zile ni hadithi fupi iliyofungwa, kwa Kiswahili, iliyotengenezwa hapa. Uwezo si mgeni. Lubumbashi ilitoa Alerte à Kamoto 1989, hadithi ya Pie Tshibanda na michoro ya Nsenga Kibwanga, jina likitokana na mgodi wa Kolwezi. Kinshasa, Papa Mfumu'eto alianza 1990 na kisa cha nyoka mkubwa anayemmeza mwanamke, vijitabu vya karatasi rahisi kwa Kilingala vilivyouzwa mtaani, na leo kumbukumbu zake ziko Chuo Kikuu cha Florida. Tanzania wamekuwa na Sani, jarida la katuni, kwa miaka mingi. Sisi tunapewa bede za bure za mashirika, ambazo kila mhusika anaongea kama bango la kunawa mikono, kisha tunashangaa vijana hawazisomi.

Kijitabu cha kurasa 16 hakihitaji mtambo. Ni karatasi nne za A4, zimekunjwa kati, na duka lolote la fotokopi karibu na chuo linaweza kukitoa. Kinachoharibika ni mpangilio. Kila upande wa karatasi unabeba kurasa mbili ambazo jumla yake lazima iwe 17: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, kisha 14 na 3, nyuma yake 4 na 13, na kuendelea hivyo mpaka 8 na 9 katikati. Mshangao wowote uwekwe juu kushoto kwenye ukurasa wa namba shufwa, kwa kuwa huo ndio unaofunuka msomaji akigeuza. Chora kwenye A4, punguza hadi asilimia 71 ifike A5. Herufi ulizoandika kwa milimita 4 zitashuka hadi 2.8, ambazo bado zinasomeka. Za milimita 3 zitapotea. Viputo viwe vipana kuliko virefu, kwa sababu kitenzi chetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja, na kikikatwa kikatwe kwenye silabi. Andika maneno kwanza, kisha zungushia kiputo. Wanaochora kiputo kwanza huishia na herufi zilizobanwa ukingoni kama abiria wa mlangoni.

Wino wa fotokopi unachukia weusi mkubwa: usiku uliojazwa wote utatoka na mistari mieupe, kwa hiyo jaza kwa vistari vya karibu karibu. Acha milimita 8 za ukingo mtupu pande zote, mashine nyingi haziwezi kufika zaidi ya hapo. Kurasa za ndani zitachungulia nje kidogo baada ya kukunja; kata ukingo wa mbele kwa kisu na rula ya chuma, baada ya kupiga pini, si kabla. Na pini ziwe mbili, zipigwe kutoka nje kwenda ndani, ili ncha zake zisikwaruze kitabu kitakacholala juu yake.